Vidonda vya tumbo: anayetuumiza ni bakteria mwenyewe, au ni kinga yetu inayochokozwa na protini yake?

#1 Mlima Uru (Moshi)
Habari za jioni wanajukwaa. Naomba tujadili jambo ambalo naona wagonjwa wengi huelezwa nusu nusu. Mtu akipimwa choo na kukutwa na bakteria wa tumbo, yaani Helicobacter pylori, huambiwa kwamba mdudu huyo "anakula" ukuta wa tumbo, hupewa dawa, kisha hurudi nyumbani akiwa na picha ya mdudu mwenye meno. Dai langu ni kwamba bakteria huyu hali ukuta wa mtu yeyote. Wengi wao huishi ndani ya ute unaofunika ukuta huo bila hata kuugusa, na sehemu kubwa ya uharibifu hufanywa na seli nyeupe za damu yetu wenyewe, ambazo huitwa pale na kuchokozwa na protini zake. Ninayoitilia mkazo ni ile iliyopewa jina miaka ya 1990 kwa sababu ya kazi yake, yaani protini inayoamsha neutrofili (aina mojawapo ya seli hizo nyeupe), kwa kifupi NAP. Ikiwa nipo sahihi, basi nauliza: kwa nini katika nyumba moja inayopakua mtori kutoka chungu kimoja, mmoja anatapika damu na mwingine anafika miaka 80 bila kukumbuka kama ana tumbo?

#2 Binti Sakina (Arusha)
Asante kwa uzi huu, nimeshavuta kigoda. Naomba mwenye ujuzi atufafanulie kwanza hiyo NAP inafanyaje kazi, kabla hatujaanza kuilaumu kwa jambo tusilolijua.

#3 Mwalimu wa Bayolojia (Moshi)
Nitajaribu, Binti Sakina. NAP imeundwa kwa vipande 12 vinavyofanana, ambavyo hujikusanya na kupata umbo la duara lenye uwazi katikati, na ndani ya uwazi huo huhifadhiwa madini ya chuma. Kwa bakteria mwenyewe, kazi yake ya asili inaonekana kuwa ni kutunza chuma na kuikinga DNA yake isiharibiwe na kemikali kali zinazotokana na oksijeni. Mambo hubadilika inapotoka nje ya bakteria na kupenya hadi tabaka la chini ya seli za ukuta wa tumbo, ambako seli za kinga huitambua kwa kipokezi kiitwacho TLR2.

Hapo neutrofili hujibandika kwenye kuta za mishipa midogo ya damu, hupenya na kuingia kwenye nyama, kisha huwasha kimeng'enya kinachotengeneza kemikali hizo kali za oksijeni, ambazo ni silaha yao dhidi ya vijidudu. Wakati huohuo hutoa IL-8, ambayo ni ishara ya kuwaita wenzao. Seli nyingine za kinga, zile monosaiti, hutoa IL-12 na IL-23, na ishara hizi huzisukuma seli T, ambazo nazo ni aina ya seli za kinga, zielekee kundi la Th1, ambalo huendeleza mapambano kwa muda mrefu. Kwa hiyo NAP haiishii kuwasha moto wa siku moja, bali huchangia kuamua ni aina gani ya kinga itakayokaa pale kwa miaka.

Ajabu ni kwamba silaha hizo hazimmalizi bakteria. Ana vimeng'enya vya kuvunja haidrojeni peroksaidi, mojawapo ya kemikali hizo, na yeye yuko ndani ya ute, wakati seli zetu ndizo zilizo jirani na mapigano. Ni mfano wa mgambo walioitwa kwenye soko la Kilombero kumkamata mwizi mmoja: mwizi ametokomea vichochoroni, lakini nyanya za akina mama zote zimekanyagwa.

#4 Mama Mboga wa Kilombero (Arusha)
Mwalimu, nyanya hizo ni zangu na fidia sijaiona. Endeleeni, ninawasoma.

#5 Mzee wa Pasua (Moshi)
Nawasalimu wote. Sisi tulifundishwa kwamba vidonda vya tumbo vinaletwa na tindikali, pilipili, kukaa na njaa, na mawazo ya ada za watoto kila Januari. Sasa vijana mmeleta protini yenye vipande 12. Je, tindikali imefukuzwa kazi?

#6 Kijana wa Njiro (Arusha)
Shikamoo mzee. Tindikali haijafukuzwa, ila imepewa msimamizi. Yule daktari wa Australia, Barry Marshall, aliwanyamazisha wote waliokuwa na fikra hizo pale alipokunywa bakteria hao mwaka 1984 akapata vidonda, kisha akapewa Tuzo ya Nobel.

#7 Meza ya Maabara (Moshi)
Kijana wa Njiro, turekebishe kidogo. Marshall hakupata kidonda. Alipata kuvimba kwa ukuta wa tumbo, na kipimo cha kamera inayoingizwa tumboni kilithibitisha hivyo. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha uzi huu, kwa sababu inaonesha kwamba jibu la kwanza la mwili ni kuvimba, na kidonda ni jambo linaloweza kufuata au lisifuate kabisa. Nobel ilitolewa mwaka 2005 kwa watu wawili, yeye na Robin Warren, ambaye ndiye aliyekuwa akiwaona bakteria hao kwenye vipande vya nyama za tumbo huko Perth kabla ya Marshall kujiunga naye. Hata kuwaotesha kwa mara ya kwanza, mwaka 1982, kulisaidiwa na sikukuu ya Pasaka, kwani sahani ziliachwa maabara muda mrefu kuliko kawaida, na bakteria hawa hukua polepole. Wavivu wa kazi wasichukue hili kama kisingizio.

Kuhusu swali la mzee: tindikali ipo kwa kila mwenye tumbo, kidonda hakipo kwa kila mtu. Ukuta ukishadhoofishwa na mapigano aliyoyaeleza Mwalimu, tindikali hupata mahali pa kuuma. Pia bakteria akikaa zaidi sehemu ya chini ya tumbo anaweza kuvuruga udhibiti wa tindikali hadi ikazidi, na hapo kidonda hutokea kwenye utumbo wa mwanzo. Kwa hiyo tindikali bado yumo kwenye kesi, mzee, lakini siye mshitakiwa pekee.

#8 Mzee wa Pasua (Moshi)
Marahaba. Na ada za Januari je?

#9 Meza ya Maabara (Moshi)
Hizo ziko nje ya uwezo wa maabara.

#10 Mwanafunzi wa Udaktari (Moshi)
Naona Mlima Uru anaipa NAP sifa nyingi kuliko inavyostahili. Protini iliyochunguzwa zaidi kwa upande wa madhara ni CagA. Bakteria wenye aina kali hubeba kundi la jeni linalotengeneza kifaa kama bomba la sindano, na kupitia hicho huiingiza CagA moja kwa moja ndani ya seli ya ukuta wa tumbo. Ikishaingia, vimeng'enya vya seli yetu wenyewe huibandika fosfati, nayo hushikana na protini ya seli iitwayo SHP-2 na kuvuruga mawasiliano yote ya ndani: seli hurefuka, hulegeza mshikamano na jirani zake, na hupokea amri za kugawanyika ambazo hazikutolewa na mwili. Aina za bakteria zinazopatikana Asia ya Mashariki zina CagA inayoshikana na SHP-2 kwa nguvu zaidi, na huko ndiko saratani ya tumbo ilikokithiri.

Kuhusu kuita neutrofili, bomba hilohilo hupitisha pia vipande vya ukuta wa bakteria vinavyotambuliwa na kipokezi cha ndani ya seli kiitwacho NOD1, pamoja na sukari iitwayo ADP-heptosi, na vyote hivyo huifanya seli ya ukuta wa tumbo itoe IL-8. Maana yake ni kwamba neutrofili wanaweza kuitwa na seli za ukuta wenyewe hata kabla NAP haijafika kokote.

Nina swali moja kwa wanaoitetea. NAP haina alama ya kuisafirisha nje, na inapatikana ndani ya bakteria. Inatokaje hadi ikutane na seli za kinga zilizo upande wa pili wa ukuta?

#11 Mlima Uru (Moshi)
Swali zuri. Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba bakteria wanapokufa wanapasuka na kumwaga yaliyomo, na NAP iliyomwagika hujibandika juu ya wenzao walio hai. Tukumbuke pia kwamba katika tumbo la mtu aliyeambukizwa kwa miaka 40, bakteria wanakufa kila saa ya kila siku, kwa hiyo protini hiyo haiwezi kuadimika. Kuvuka ukuta si jambo gumu iwapo ukuta wenyewe umeshalegezwa na CagA unayoitetea. Unaona basi kwamba shahidi wako anamsaidia mteja wangu.

#12 Mwanafunzi wa Udaktari (Moshi)
Au mteja wako hana kesi bila shahidi wangu. Watu wenye bakteria wasio na CagA pia wana NAP, na kwa kawaida kuvimba kwao ni kwa kiwango cha chini. Ukiondoa CagA pamoja na bomba lake, moto unapungua, ingawa NAP imebaki palepale.

#13 Meza ya Maabara (Moshi)
Kabla hamjaenda mahakama ya rufaa, niwaeleze kile ninachokiona kwa macho. Kipande cha nyama kilichochukuliwa kwa kamera huja kidogo kuliko punje ya mchele. Kimoja huwekwa kwenye kipimo cha haraka chenye urea, ambacho rangi yake hugeuka kutoka manjano kuwa ya waridi iwapo bakteria yupo, kwa sababu kimeng'enya chake cha urease huivunja urea na kutoa amonia, ileile inayomsaidia kustahimili tindikali. Kingine hukatwa vipande vyembamba, hupakwa rangi na kuwekwa chini ya hadubini. Bakteria huonekana kama mikunjo midogo iliyopangana ndani ya ute na kwenye midomo ya tezi. Neutrofili, hao wenye kiini kilichogawanyika vipande vitatu au vinne, huonekana wamejipenyeza katikati ya seli za shingo ya tezi, mahali ambapo seli mpya huzaliwa. Chini yao hutanda seli nyingine za kinga, yaani limfositi na seli za plazima.

Nimeona slaidi ambazo bakteria ni wengi na neutrofili ni wa kutafuta kwa tochi, na nyingine ambazo bakteria ni wachache huku neutrofili wamejaza tezi. Wingi wa mdudu peke yake haunielezi ukali wa mapigano.

#14 Binti Sakina (Arusha)
Hili la Meza ya Maabara limenifungua macho kuliko yote. Kwa hiyo tofauti iko kwa mwenye tumbo na si kwa mdudu?

#15 Mwalimu wa Bayolojia (Moshi)
Huenda iko kwa wote wawili, Binti Sakina, na kuna ugumu mwingine ambao bado hatujautaja. Bakteria huyuhuyu ana protini ya tatu, VacA, ambayo hutoboa vishimo kwenye utando wa seli na kusababisha mapovu ndani yake, lakini pia huzizuia seli T zisiongezeke. Kwa maneno mengine, mkono mmoja unawasha kinga na mwingine unaituliza. Kwa mtazamo wangu, bakteria anahitaji kuvimba kwa kiasi fulani, kwa sababu nyama iliyoumia huvuja virutubisho, kikiwemo chuma ambacho NAP hukihifadhi, lakini kuvimba kukizidi makazi yake yenyewe yanaharibika. Anayepata vidonda huenda ni yule ambaye mizani hiyo imemponyoka.

#16 Mwanafunzi wa Udaktari (Moshi)
Maelezo hayo yanapendeza, Mwalimu, ila yana hatari ya kueleza kila kitu. Mgonjwa akivimba sana tutasema mizani imeponyoka, asipovimba tutasema mizani imetulia. Tungehitaji kipimo kinachoweza kutabiri kabla.

#17 Mama Mboga wa Kilombero (Arusha)
Sasa niwape kesi ambayo itawasumbua. Mgongo wangu una historia ndefu ya kubeba matenga, na kwa muda mrefu nilikuwa ninajinunulia diklofenaki duka la dawa, nikimeza asubuhi kabla ya chai ili niwahi mzigo. Nikaanza kupata choo cheusi chenye kunata, kizunguzungu, na mapigo ya moyo ya mbio nikipanda ngazi. Kamera ikaonesha kidonda, lakini kipimo cha nyama kikasema hakuna bakteria. Hakuna NAP, hakuna CagA, hakuna mgambo. Mnanieleza nini?

#18 Meza ya Maabara (Moshi)
Pole sana, mama. Kesi yako inafahamika vizuri. Dawa za kundi la diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huzuia utengenezaji wa prostaglandini, ambazo ndizo zinazodumisha ute na mtiririko wa damu kwenye ukuta wa tumbo, kwa hiyo kidonda kinaweza kutokea bila bakteria yeyote. Ninauliza tu: wakati wa kipimo ulikuwa unatumia omeprazo, ile dawa ya kupunguza tindikali? Dawa hiyo huwapunguza bakteria hadi kipimo kikasema hawapo wakati wapo. Inashauriwa kuiacha wiki 2 kabla ya kipimo, na antibayotiki wiki 4, isipokuwa kwa mgonjwa anayevuja damu, ambaye daktari hawezi kumwachisha dawa ili tu apimwe.

#19 Mama Mboga wa Kilombero (Arusha)
Nilikuwa naitumia, tena kwa bidii. Kumbe mgambo walikuwa wamejificha chini ya meza.

#20 Mfugaji wa Kisongo (Arusha)
Mimi naleta maelezo ya nne, nayo ni minyoo. Sisi wafugaji tunajua kwamba mnyama mwenye minyoo hapambani na maradhi mengine kwa namna ileile kama asiye nayo. Kwa binadamu, minyoo huisukuma kinga kuelekea kundi jingine la seli T liitwalo Th2, wakati Mwalimu ametueleza kwamba NAP inaisukuma kuelekea Th1. Kuna jaribio la panya lililochapishwa mwaka 2000 ambamo panya walioambukizwa bakteria wa jamii ya Helicobacter pamoja na minyoo ya utumbo walipata madhara madogo ya tumbo kuliko wale wasio na minyoo. Huenda yule mzee wa miaka 80 wa Mlima Uru alikingwa na minyoo ya utotoni.

#21 Kijana wa Njiro (Arusha)
Kwa hiyo kampeni za dawa za minyoo shuleni ndizo zinazotuletea vidonda? Mfugaji, akina mama watakutafuta.

#22 Mfugaji wa Kisongo (Arusha)
Sijasema hivyo, kijana. Minyoo humletea mtoto upungufu wa damu na kumdumaza, na watoto wangu wote wanapewa dawa. Ninaeleza kwa nini kinga za watu wawili zinaweza kuitikia protini moja kwa namna mbili.

#23 Mwanafunzi wa Udaktari (Moshi)
Hoja ya Mfugaji ina uzito kuliko inavyoonekana. Tangu mwaka 1992 kuna jambo linaloitwa kitendawili cha Afrika: maambukizi ya bakteria huyu ni mengi sana barani kwetu, ilhali saratani ya tumbo inaripotiwa kidogo kuliko ambavyo ingetarajiwa, na minyoo ni mojawapo ya maelezo yaliyotolewa.

#24 Meza ya Maabara (Moshi)
Nami ninasema kitendawili hicho kina tundu. Saratani huhesabiwa pale ilipopimwa. Mtu wa kijijini anayekonda na kufariki bila kufikiwa na kamera haingii kwenye hesabu yoyote. Tena saratani ya tumbo ni ugonjwa wa umri mkubwa, na pale watu wengi wasipofikia umri huo, idadi itakuwa ndogo hata kama bakteria ni yuleyule.

#25 Mwalimu wa Bayolojia (Moshi)
Pamoja na tundu hilo, liko jambo la asili. Uchunguzi wa jeni unaonesha kwamba bakteria huyu alisafiri na binadamu kutoka Afrika Mashariki takriban miaka 58,000 iliyopita, na kabla ya hapo walikuwa wameshaishi pamoja kwa muda mrefu. Utafiti wa Kolombia uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta kwamba madhara yalikuwa makubwa zaidi pale ambapo asili ya bakteria na asili ya mtu hazikulingana, hasa kwa watu wa milimani wenye asili kubwa ya wenyeji wa Amerika waliobeba bakteria wenye asili ya Kiafrika. Inawezekana kinga ya wazee wetu na protini za bakteria wao zilishazoeana.

#26 Mzee wa Pasua (Moshi)
Kwa hiyo mdudu huyu ni ukoo. Lakini mbona huku Kilimanjaro nimezika watu kadhaa waliokufa kwa saratani ya koo la chakula? Je, si huyuhuyu?

#27 Meza ya Maabara (Moshi)
Pole kwa misiba, mzee. Hiyo ni saratani ya umio, nayo ni ya kawaida katika ukanda huu wa Afrika Mashariki, lakini haihusishwi na bakteria huyu. Vinavyotajwa zaidi ni tumbaku, pombe na vinywaji vya moto sana. Mwaka 2016 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waliviweka vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani hiyo. H. pylori mwenyewe aliwekwa mwaka 1994 katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa, lakini kwa saratani ya tumbo.

#28 Binti Sakina (Arusha)
Turudi kwenye protini. Ikiwa NAP ndiyo kiwashio, kwa nini haijatengenezwa chanjo ya kuizuia?

#29 Mwanafunzi wa Udaktari (Moshi)
Ilijaribiwa, Binti Sakina. Chanjo iliyochanganya zote tatu, CagA, VacA na NAP, ilitolewa kwa watu waliojitolea, kisha wakanyweshwa bakteria. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionesha kwamba mwili ulitengeneza kingamwili, lakini kinga dhidi ya maambukizi haikuzidi ile ya waliopewa chanjo bandia. Chanjo ya kumeza iliyolenga urease ilifanya vizuri zaidi kwa watoto wa China, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2015, ingawa kinga ilipungua kadiri muda ulivyopita. Mlima Uru atuambie kwa nini mteja wake ameshindwa hapo.

#30 Mlima Uru (Moshi)
Hajashindwa, kwa sababu jaribio lile lilipima kama bakteria anazuiwa kuingia, na mimi sikudai kwamba NAP humwingiza. Mtu anaweza kubaki na bakteria lakini kuvimba kwake kukapungua, na hilo ni swali tofauti. Isitoshe, kuna watafiti waliotumia NAP kwa panya wenye pumu ya mzio na wakaona mzio umepungua, kwa sababu uleule wa kuivuta kinga kuelekea Th1. Protini isiyo na nguvu haiwezi kufanya hivyo.

#31 Binti Sakina (Arusha)
Basi nisaidieni kwa jambo la nyumbani. Mimi nimetibiwa na kupona. Mume wangu amepimwa damu, ameambiwa ana bakteria, lakini haumwi chochote na anakula pilipili mbuzi kama karanga. Atibiwe?

#32 Meza ya Maabara (Moshi)
Kwanza arudie kwa kipimo cha choo au cha pumzi, dada, kwa sababu kingamwili za kwenye damu hubaki hata baada ya bakteria kuondoka. Akikutwa naye kweli, mimi ningependa atibiwe. Nchini Japani, tangu mwaka 2013 bima ya taifa hulipia matibabu hata kwa mtu ambaye kamera imeonesha ukuta umevimba tu bila kidonda.

#33 Mwanafunzi wa Udaktari (Moshi)
Mimi nasita. Japani wana saratani nyingi, sisi tuna bakteria sugu kwa antibayotiki ya metronidazo, na nyingine, klarithromaisini, nayo inaanza kutuponyoka. Kumpa kila mwenye bakteria antibayotiki mbili wakati wengi hawatapata kidonda maisha yao yote ni kuziharibu dawa ambazo Mama Mboga anaweza kuzihitaji kesho. Kama katika ukoo wao kuna saratani ya tumbo, au kama anatumia diklofenaki, nitabadili jibu.

#34 Mama Mboga wa Kilombero (Arusha)
Mwanafunzi, mimi diklofenaki nimeacha. Binti Sakina, muulize mzee wako kama na yeye anameza kisirisiri, maana wanaume wa Arusha hawasemi.